Maswali ya Wasomaji: Viti Sita katika Fremu Moja

Tulipochapisha makala kuhusu kupanga jiko dogo, nilitarajia kupata maswali ya makabati na sinki. Maswali ya sinki yalikuja kweli, ila ni ya sinki la kuoshea nywele. Walioandika ni wasusi, vinyozi na wenye saluni, na kwa kuwa barua zao zinafuatana kana kwamba walikaa kikao kimoja, safu yote ya toleo hili nimewaachia wao. Barua ndefu nimezifupisha bila kugusa hoja.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni msusi. Nimefanya kazi katika saluni za watu kwa miaka tisa, na sasa nimepata fremu yangu mwenyewe Sinza. Upana wake ni mita 3.2 na urefu ni mita 7.5, mbele kuna mlango na kioo kikubwa, na nyuma kuna bomba la maji pamoja na tundu la kutolea maji machafu. Nimeshalipa kodi ya miezi sita, kwa hiyo pesa ya kufanyia makosa sina. Fundi amenionyesha picha kwenye simu: saluni nyeupe yenye viti sita, vitatu kila ukuta, dari la jipsamu lenye taa za rangi, na sofa karibu na mlango. Anasema vyote vitaingia. Kazi yangu kubwa ni kusuka rasta, ingawa pia naosha, naweka dawa na kusetia. Naomba ushauri kabla sijamkabidhi pesa. (Msusi wa Sinza, Dar es Salaam)

JIBU: Marahaba, binti yangu, na hongera kwa kupata fremu. Fundi wako hakukudanganya: viti sita vitaingia. Kitakachokosa nafasi ni wewe.

Picha nyingi za saluni zinazozunguka kwenye simu zinaonyesha mahali ambapo kazi kubwa ni kukata nywele na kuzikausha. Mteja wa huko huketi kwa muda usiofika saa moja au unaozidi kidogo, huhudumiwa na mtu mmoja anayesimama nyuma yake, na muda wote hujitazama kwenye kioo kwa sababu kila dakika kuna kitu kinachobadilika. Rasta ni kazi ya namna nyingine. Anayesukwa rasta ndogo huketi saa tano au sita, pengine tangu asubuhi hadi jioni. Juu ya kichwa chake kuna wasusi wawili, na akiwa anawahi harusi huwa watatu. Na kioo anakihitaji mwanzoni anapoeleza mtindo na mwishoni anapokagua. Kati ya hapo anahitaji mahali pa kuegemeza mgongo, mahali pa kuweka miguu, soketi ya kuchajia simu na upepo. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ukuta uwe wa rangi gani, uliza mteja wako atakaa kwa saa ngapi na ni mikono mingapi itakayomzunguka, kwa kuwa majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yatakayokupangia chumba.

Chukua chaki na futi ya fundi, uweke kiti kimoja katikati ya fremu ikiwa bado tupu, umkalishe mtu, kisha wenzako wawili wasimame kushoto na kulia kwake na kuvuta rasta mpaka mwisho wa mkono. Chora mviringo kuwazunguka. Utaona kwamba upana wake unakaribia mita 1.8. Sasa hamia ukutani, mahali pa kiti chenye kioo: rafu ya chini ya kioo, magoti ya mteja na kiti chenyewe vinachukua kama mita 1.2, nawe unayesimama nyuma unahitaji sentimita 70 za kusogea bila kumgonga mtu. Jumla ni mita 1.9 kutoka ukutani. Safu mbili, moja kila ukuta, zinataka mita 3.8, na fremu yako ina 3.2. Maana yake ni kwamba wasusi wa pande mbili watasuguana migongo siku nzima, na mwenye ndoo ya maji hatakuwa na pa kupita.

Ushauri wangu ni sehemu tatu za kazi. Mbele, katika mita 2.2 za kwanza, weka kiti cha rasta kisicho na kioo, pamoja na benchi jembamba la kungojea kwenye ukuta wa pili. Katikati, katika mita 3.6 zinazofuata, weka viti viwili vyenye vioo kwenye ukuta mmoja, kila kimoja kikipewa mita 1.5, na sentimita 60 zinazobaki ziwe za draya ya kusimama. Nyuma, katika mita 1.7 za mwisho, vikae sinki na kabati la dawa na taulo. Ukuta wa pili uache mtupu toka katikati hadi nyuma, ili ubaki na njia ya mita 1.3. Sofa iache huko huko dukani, kwa maana inakula nafasi ya mteja anayelipa ili apate kukaa anayesubiri.

Kati ya viti viwili vya vioo, kile kilicho jirani na sinki ndicho kiwe cha dawa. Unajua mwenyewe mteja anaposema dawa inachoma huwa hasemi kwa utani: dawa nyingi za kulainisha nywele hutengenezwa kwa magadi makali, ambayo hayachagui kati ya unywele na ngozi. Akiwa hatua tatu kutoka kwenye sinki, utamwosha mara moja. Akiwa mlangoni, atapita kwanza katikati ya miguu ya watu na nyaya za draya.

Kiti cha rasta nimekiweka mbele kwa sababu huko ndiko kuna mwanga wa jua na hewa, na kwa sababu anayepita barabarani akiona mikono inasuka hatasoma bango. Kama mteja hapendi kutazamwa, bandika karatasi ya ukungu kwenye kioo hadi kimo cha mita 1.4, aliyeketi atasitirika, na mwanga wa juu utaendelea kuingia. Karibu na kiti hicho jenga vitu viwili ambavyo sijawahi kuviona kwenye picha za simu. Cha kwanza ni mti wa kuning'inizia rasta, wenye vigingi kwenye kimo cha bega la msusi. Jumamosi moja nilikaa katika saluni moja nikimsubiri mwanangu, nikamtazama binti aliyekuwa akisuka: pakiti ya rasta ilikuwa kwenye mfuko wa plastiki sakafuni, na kwa kila msuko aliinama, akachomoa nyuzi, akazipima kwa macho, akainuka. Niliacha kuhesabu alipofika mara arobaini, na kichwa kilikuwa hakijafika hata utosini. Cha pili ni rafu ya birika la maji ya kuchovya ncha. Maji hayo yakichemshiwa nyuma yatabebwa kwenye jagi chumba kizima, juu ya mapaja ya watu. Yachemshiwe pale pale yanapotumika, kwenye rafu ya kona yenye ukingo wa kuzuia birika lisiteleze, na soketi iwe juu ya rafu hiyo ili waya usikatize njia.

Sasa umeme, ambao ndio utakaokula pesa nyingi kuliko unavyodhani. Soketi moja ya kawaida ya ampea 13, kwa umeme wetu wa volti 230, inabeba karibu wati 3,000. Draya ya mkono inakula wati 2,000, birika 2,000, draya ya kofia karibu 1,000. Ukichomeka draya mbili za mkono kwenye ekstensheni moja umeshafika wati 4,000, na ekstensheni hiyo italainika kabla breka haijakata, nawe utadhani harufu ile ni ya nywele. Mwambie fundi umeme avute waya wa milimita za mraba 2.5 kutoka kwenye kisanduku cha breka hadi kila sehemu ya kazi, kila waya na breka yake, asirukishe kutoka soketi hii kwenda ile. Soketi ziwe kwenye kimo cha mita moja au zaidi kidogo, pembeni mwa kioo; zikiwa chini zitajaa nywele na maji ya deki. Upande wa sinki usiwe na soketi ambayo mtu mwenye mikono iliyolowa anaweza kuifikia, na mfumo wote uwe na breka ya kukata umeme unaovuja, ile ya miliampea 30. Fundi akikwambia kifaa hicho ni anasa, tafuta fundi mwingine.

Kwenye maji, jambo linalosahaulika ni kimo. Tangi likiwa mita 3 juu ya bomba, msukumo unaopatikana ni takribani baa 0.3, unaotosha kujaza ndoo lakini hautoshi kusukuma povu litoke kwenye rasta nene. Kama mwenye nyumba hakuruhusu kuinua tangi, nunua pampu ndogo. Bomba la maji machafu lishuke kama sentimita 2.5 kwa kila mita, liwe na kiwiko chenye maji cha kuzuia harufu ya chemba, na kabla ya kiwiko kuwe na wavu unaotoka kwa mkono, kwa maana nywele zikishapita hapo utamlipa fundi bomba kila mwezi.

Sinki lenyewe usinunue kwa kutazama rangi. Liketie mwenyewe dukani, ulaze kichwa, ukae dakika tano. Mwaka 1993 daktari mmoja wa Marekani aliandika katika jarida la kitabibu la JAMA kuhusu wanawake watano waliopata dalili za kiharusi baada ya kuoshwa nywele saluni wakiwa wamepindisha shingo nyuma kupita kiasi. Ni jambo la nadra, na sikusimulii ili kukutisha, bali ujue kwa nini kiti cha sinki kinapaswa kupanda na kushuka, na kwa nini pale shingo inapolala pawe na mto wa mpira. Bibi wa miaka sabini na binti wa miaka kumi na tano hawana kimo kimoja cha shingo.

Sakafu iwe ya vigae visivyong'aa. Vinavyong'aa vikipata mafuta na maji ni barafu, na vyeupe kabisa vitaonyesha kila unywele mweusi hata kama umefagia dakika kumi zilizopita. Rangi ya kijivu yenye madoadoa itakusitiri. Dari la jipsamu si baya, ila michoro ile ya mawimbi ni mahali pa vumbi na buibui. Ukibana hapo utapata ile pesa ya waya.

SWALI: Nina saluni Morogoro yenye taa nzuri, za kisasa, lakini wateja wangu wanalalamika kwamba rangi ya nywele na poda wanayopakwa ndani si ile wanayoiona wakifika nje. Mmoja alirudi akiwa na kioo cha mkononi akitaka nimrudishie pesa. Je, tatizo ni dawa za rangi? (Mwenye saluni, Morogoro)

JIBU: Dawa zako huenda hazina kosa. Naona barua yako haisemi taa hizo ni za rangi gani wala ziko wapi, nami kwa uzoefu nitabahatisha: ziko darini, na baadhi yake ni nyuzi za taa za zambarau au buluu.

Taa ina mambo mawili yanayoandikwa kwenye boksi lake ambayo wauzaji wengi hawayasemi. La kwanza ni joto la rangi, linalopimwa kwa kelvini. Taa ya 2,700 hadi 3,000 ni ya njano, inayopendeza sebuleni na inayofanya kila ngozi ionekane ina joto. Ya 6,500 ni nyeupe inayoelekea buluu, ambayo hufanya uso uonekane umechoka. Ya 4,000 iko katikati, na ndiyo ninayoipendekeza kwenye vioo. La pili ni uwezo wa taa kuonyesha rangi jinsi zilivyo, unaopimwa hadi 100, na huandikwa kwa herufi CRI au Ra. Taa nyingi za bei rahisi zina 80 au chini yake. Kwa kazi ya rangi na poda tafuta yenye 90 au zaidi. Tofauti utaiona kwenye rangi nyekundu na za kahawia, ambazo ndizo rangi za wateja wako wengi.

Mahali pa taa ni muhimu vilevile. Taa moja ya darini inayomwagika juu ya utosi humtia mteja vivuli chini ya macho, pua na kidevu, naye hulaumu poda. Weka taa mbili ndefu, moja kila upande wa kioo, kwenye kimo cha uso wa mtu aliyeketi. Na kioo chenyewe kisigusane na rafu kwa chini, kiache nafasi ya sentimita moja. Maji yanayomwagika kwenye rafu hupanda nyuma ya kioo yakala ile rangi ya fedha, ndiyo maana vioo vya saluni huota madoa meusi kuanzia ukingo wa chini. Zile taa za zambarau hamishia kwenye bango la nje. Huko zinafaa.

SWALI: Hujambo mwalimu. Mimi ni kinyozi hapa Mombasa, na ninafungua kinyozi mpya yenye viti vitatu. Vijana wanataka kutazama mpira wakinyolewa. Runinga niiweke wapi? (Kinyozi, Mombasa)

JIBU: Sijambo, kaka. Weka pale wanapongojea, mbali na macho ya anayenyolewa, kwa sababu kichwa kinachofuata mpira hakinyoleki, na wembe unaopita kwenye ukingo wa nywele hausubiri marudio ya bao. Kuna walioiweka nyuma ya viti ili mteja aitazame kupitia kioo. Nilipoona hivyo mara ya kwanza nilisifu akili, mpaka mteja mmoja alipouliza kwa nini matokeo yameandikwa kinyumenyume. Pesa utakayobakiza kwa kununua runinga ndogo, nunulia sinki dogo la kunawia mikono na kabati lenye mlango la kuhifadhia mashine zilizosafishwa, lililo mbali na zile ambazo bado. Na stima ikipotea, mteja aliyenyolewa nusu huwa hana subira. Betri ya akiba ya taa na mashine ipangiwe mahali pake tangu mwanzo.

SWALI: Assalaam alaykum. Nina saluni ya wanawake peke yao, kwenye nyumba ya zamani ya familia, chini, Mji Mkongwe, Unguja. Tunasuka, tunapamba mabibi harusi kwa hina na piko, na tunafukiza udi. Mambo mawili yananisumbua. La kwanza, kila mlango unapofunguliwa wateja hukimbilia mitandio, kwani wapita njia wanaona mpaka ndani. La pili, kila mwaka napaka rangi ukuta, na kila mwaka inabambuka. Fundi amenishauri nipige saruji ukuta mzima kisha nibandike vigae. Nifanyeje? (Bibi wa saluni, Zanzibar)

JIBU: Wa alaykum salaam, bibi. Nianze kwa kukusihi: huyo fundi wa saruji mcheleweshe.

Nyumba yako imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu kutoka ardhini na hewani kisha huutoa polepole kupitia uso wake. Rangi ya mafuta au ya plastiki huziba njia hiyo. Maji yaliyonaswa nyuma yake huisukuma, nayo huvimba na kubambuka na chumvi nyeupe ikatokeza. Ukipiga saruji na vigae, utaficha ubaya kwa mwaka mmoja au miwili huku unyevu ukipanda juu zaidi, hadi ufike kwenye boriti za dari, na boriti ikishaoza gharama yake si ya kuzungumziwa katika barua. Bambua rangi yote, acha ukuta ukauke kwa muda wa kutosha, ziba palipoliwa kwa lipu ya chokaa, kisha paka chokaa. Itakulazimu kurudia kila baada ya muda, lakini kurudia chokaa ni kazi ya siku mbili. Kumbuka pia kwamba Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na mabadiliko ya jengo yanahitaji idhini ya mamlaka inayosimamia hifadhi yake. Kapate idhini hiyo kwanza.

Utasema sinki haliwezi kuegemea chokaa. Ni kweli. Basi sinki na vioo usivitundike kwenye ukuta wa mawe, bali jenga mbele yake ukuta mwembamba wa mbao na bodi zisizodhurika kwa maji, ulioachana na ukuta wa zamani kwa nafasi ya kiganja, wazi juu na chini ili hewa ipite. Mabomba na nyaya zote zipite humo. Kwa namna hiyo hutatoboa jiwe hata moja, na siku ukihama utaondoka na saluni yako nzima.

Kuhusu sitara, jibu lilishajengwa na wazee wetu. Nyumba za zamani za mwambao hazikumwonyesha mgeni ua wa ndani tangu mlangoni: alipita dakani, akaingia kwenye ukumbi mdogo wa kwanza, na mlango wa ndani haukuelekeana na wa nje. Wewe rudisha pindo hilo. Hatua moja na nusu kutoka mlangoni simamisha kizuizi cha mbao kilichochongwa matundu, kipana kuliko mlango, ili anayeingia alazimike kukunja kushoto au kulia. Kisha fanya jaribio ambalo wengi hulisahau: simama nje, mlango ukiwa wazi, utazame vioo. Kizuizi kinaweza kumficha mteja na kioo cha ukuta wa mbele kikamtoa barabarani. Palipo na kioo kinachouona mlango, kihamishe au kigeuze.

Kama kuta zako bado zina zidaka, usizizibe. Wazee waliweka humo vyombo vya kauri, nawe waweza kuweka chupa za mafuta, marashi na vitana, na hutahitaji kununua rafu hata moja. Pembe ya hina na piko iwe na kiti cha ngozi ya plastiki ya rangi ya udongo au kahawia, kwa sababu doa la piko kwenye kitambaa cheupe haliondoki kwa dua wala kwa sabuni. Na chetezo cha udi kipewe mahali pake chini ya dirisha, mbali na rasta zinazoning'inia, kwani nyuzi zile huyeyuka zikiguswa na kaa.

SWALI: Mimi si mwenye saluni, ni mwajiriwa. Siku za dawa na za rangi macho yananiwasha hadi usiku, na mgongo unaniuma kiasi kwamba Jumapili siwezi kufua. Bosi anasema saluni ni ya kisasa, ina kiyoyozi, tusilalamike. Je, muundo wa saluni unaweza kunisaidia, au nitafute kazi nyingine? (Msusi, Mwanza)

JIBU: Pole sana, dada. Macho na mgongo mwonyeshe daktari, nami nijibu lililo langu.

Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani hakiingizi hewa mpya. Kinachukua hewa iliyomo chumbani, kinaipoza, kinairudisha, pamoja na mvuke wa amonia wa dawa za rangi na, kama mnapiga pasi nywele zilizopakwa dawa fulani za kunyoosha, pamoja na gesi ya fomaldehaidi. Jambo hili halihusu kuwasha tu: Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeiweka kazi ya ususi na unyozi katika kundi la 2A, la mambo ambayo yamkini husababisha saratani, hasa kwa sababu ya rangi za nywele na saratani ya kibofu cha mkojo. Hii si hukumu juu yako wewe binafsi, ila ni sababu ya kutosha kumwambia bosi kwamba tundu ukutani ni sehemu ya usasa.

Kinachotakiwa si cha bei kubwa. Ni feni ya kutoa hewa nje, iwekwe kwenye ukuta ulio karibu na kiti cha dawa, na upande wa pili wa chumba kuwe na uwazi wa kuingizia hewa, kama dirisha au wavu juu ya mlango. Feni ikiwekwa darini juu ya kichwa chako itavuta mvuke kupitia usoni pako ndipo iutoe. Ikiwekwa ukutani kwenye kimo cha meza, mvuke utaondoka kabla haujakufikia. Kuchanganya dawa pia kufanyike mbele ya feni hiyo, si kwenye kaunta ya malipo kama nilivyoona mara nyingi.

Mgongo nao una dawa yake katika samani. Kiti cha mteja kikiwa hakipandi, msusi mrefu huinama saa sita. Kikiwa kinapanda na hakishuki, mfupi huinua mabega saa sita. Kama bosi hana pesa ya viti vya kupanda na kushuka kwa wote, anunue kimoja cha kazi ndefu, na wewe umwombe stuli ya msusi yenye magurudumu na kimo cha kubadilika, ili wakati wa kusuka pembeni na kisogoni uketi. Anza na stuli, kwa sababu hiyo atakubali haraka. Feni itahitaji kutoboa ukuta, na kwa hiyo atataka kwanza kuongea na mwenye nyumba. Mwandikie kwenye karatasi upana wa tundu na mahali lilipo, ili asiende huko mikono mitupu.